Kikundi kilichonirudisha kwenye mkeka

Haya nawaandikia wale waliokwisha kufundishwa kutafakari, wakarudi nyumbani na ari kubwa, kisha miezi ikapita na mto wa kukalia ukaishia chini ya kitanda. Nimeishi katika hali hiyo na najua inavyouma, hasa kwa mtu aliyekwisha kuonja ule utulivu na anajua anachokikosa. Walionitoa humo ni watu wanne ambao tulipoanza hatukuwa hata marafiki. Naeleza tulivyofanya, pamoja na yale yaliyotuharibikia, kwa sababu naamini mtu mwingine anaweza kuyaepuka akiyajua mapema.

Nilijifunza vipasana, aina ya tafakuri ya Kibuddha, kwa utaratibu wa S. N. Goenka, mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi aliyezaliwa Burma mwaka 1924, akafundishwa huko na Sayagyi U Ba Khin, kisha akaanza kufundisha India mwaka 1969. Kozi niliyohudhuria ilikuwa Kenya. Niliondoka Dar kwa basi, nikavukia Namanga. Gharama zangu zilikuwa nauli na likizo ya kazini, maana kozi yenyewe haina ada: unalala, unakula na unafundishwa kwa michango ya waliokutangulia, na ukimaliza ndipo unaruhusiwa kuwachangia watakaokuja. Simu unaikabidhi unapofika. Kengele inalia saa kumi alfajiri. Hakuna mazungumzo na wenzako hadi siku ya kumi, chakula cha mchana ni saa tano, na jioni wanafunzi wapya hupata chai na matunda basi. Siku tatu na ushee za mwanzo unaangalia pumzi tu inavyoingia na kutoka puani, kisha unafundishwa kupitisha akili mwilini, utosini hadi vidoleni, ukihisi kila kinachojitokeza bila kukikimbilia wala kukikimbia.

Mambo ya siku hizo wengi wameyasimulia, nayapita. Ninachotaka kukikumbusha ni ushauri tunaopewa kabla ya kuondoka: saa moja asubuhi, saa moja jioni, na mara moja kwa wiki keti na wengine waliopitia kozi. Ushauri huo wa mwisho unasemwa pamoja na mingine, na ni rahisi kuusikia kama nyongeza. Leo ningemwomba kila anayetoka kozini auchukue kuwa wa kwanza.

Naishi Tabata, nyumba ya kupanga yenye uwanja mmoja wa pamoja, watoto wawili, na kazi ya uhasibu katika duka la vifaa vya ujenzi. Mwanzoni niliamka kabla ya adhana ya alfajiri, nikaketi ndani ya chandarua kwa sababu ya mbu, na siku nzima ikawa na nafasi ambayo sikuwahi kuwa nayo. Kisha zikaja hesabu za mwisho wa mwezi. Kisha mtoto wangu mdogo akalazwa kwa malaria. Tuliporudi nyumbani uzi ulikuwa umekatika.

Watu hudhani kinachomwangusha mtu ni uvivu. Kwangu ilikuwa haya, yaani aibu. Asubuhi moja ikipita bila kuketi, jioni yake unajionea haya, na kwa kuwa unajionea haya unaahirisha hadi utakapopata saa nzima iliyotulia ili urudi kwa heshima. Katika nyumba yenye watoto saa hiyo haiji. Kila siku inayoongezeka inaongeza uzito wa kurudi, mpaka unafika mahali ambapo ukiuona ule mto unaugeuzia uso.

Mwaka uliofuata, siku ya Vesak, sikukuu ya Wabuddha ya kumkumbuka Buddha, mwezi mpevu wa Mei, nilikwenda kwenye hekalu la Kibuddha lililoko Upanga. Lilianzishwa na Wasinhala kutoka Sri Lanka waliokuja nchini enzi za ukoloni, na nimekutana na wakazi wengi wa Dar wasiojua kabisa kwamba lipo. Baada ya ibada tulibaki watu wachache tukinywa chai, na mmoja akamuuliza mtawa swali ambalo lilikuwa langu pia: kwa nini tukiwa kozini tunaweza, na nyumbani hatuwezi?

Mtawa akatusimulia habari za Meghiya. Meghiya alikuwa akimhudumia Buddha, akaona kando ya mto shamba la miembe lililompendeza, akaomba ruhusa ya kwenda kutafakari huko peke yake. Buddha akamwambia asubiri kwanza afike mtawa mwingine. Akaomba tena, na tena, mpaka akaruhusiwa. Alipoketi chini ya miembe, akili yake ikavamiwa na mawazo ya tamaa, ya chuki na ya kutaka kudhuru, akarudi amestaajabu. Buddha akamtajia mambo matano yanayoikomaza akili ambayo bado haijakomaa, na la kwanza kabisa, kabla ya maadili, kabla ya bidii na kabla ya hekima, lilikuwa marafiki wema. Nilipotoka pale nilijisikia nimeondolewa kosa ambalo nilikuwa nikijihukumu kwalo. Mtu aliyekuwa akiishi karibu na Buddha mwenyewe alishindwa peke yake, sembuse mimi wa Tabata.

Tuliokunywa chai ile ndio tuliounda kikundi: mzee mmoja mstaafu wa reli, mwalimu wa kike wa sekondari anayeishi Kibaha, muuguzi anayefanya zamu, kijana fundi simu wa Kariakoo, na mimi. Tulisubiri Vasa, ile miezi mitatu ambayo watawa hutulia mahali pamoja, inayoanza baada ya mwezi mpevu wa Julai. Tukaahidiana miezi hiyo mitatu tu. Nashauri sana kuweka mwisho. Ukimwambia mtu mwenye kazi na familia ajiunge na jambo la maisha yote, atakubali kwa mdomo. Ukimwambia miezi mitatu atakaa na kupiga hesabu ya kweli, kisha atakujibu ukweli.

Tulifungua kundi la WhatsApp na tukakubaliana kila mtu aandike dakika alizoketi. Wiki za kwanza zilikuwa na raha yake. Mzee aliandika saa nzima asubuhi na saa nzima jioni, kila siku. Mwalimu alimfuatia kwa karibu. Tulipeana hongera. Kijana baadaye alikiri kwamba alikuwa akiketi na jicho moja kwenye saa ili atimize namba ya mviringo, na mimi nilijikuta nikitunga ujumbe kichwani kabla kengele haijalia. Tafakuri ile ilikuwa imeanza kugeuka mahesabu, na mahesabu ninayo ya kutosha kazini.

Muuguzi akanyamaza. Tulidhani ni kazi. Siku zilipozidi, mimi na mwalimu tukamfuata nyumbani kwake Mbagala, tukamkuta anafua, akatuwekea viti na kutupa maji. Tukamuuliza taratibu. Akasema, "Dada zangu, mimi nikitoka zamu ya usiku, nikiketi kidogo tu nasinzia. Nikifungua simu nakuta saa za watu. Nikaona bora nisiandike. Na nilipoacha kuandika, nikaacha na kuketi."

Tulikuwa tumeunda kikundi ili kuondoa ile haya iliyotuangusha kila mmoja kwa wakati wake, na badala yake tukaipa mahali pa kukaa, mbele ya macho ya watu wanne wengine. Kama una kikundi cha namna hii na kuna mtu amenyamaza, angalia kwanza mnachokihesabu.

Nilihofu mzee angeudhika, maana dakika zake ndizo zilizokuwa ndefu kuliko zote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatukumbusha habari ya watawa watatu, Anuruddha, Nandiya na Kimbila, waliokuwa wakiishi pamoja katika msitu wa Gosinga. Buddha alipowatembelea aliwauliza wanaishije bila kugombana, na wakamjibu kwa mambo ya nyumbani kabisa. Anayetangulia kurudi kutoka kuomba chakula huandaa viti na maji. Anayechelewa hukusanya vyombo na kufagia. Anayeona mtungi hauna maji huujaza, na ukiwa mzito humpungia mwenzake mkono wakaubeba pamoja, bila kuvunja ukimya. Kila baada ya siku tano huketi usiku kucha wakizungumza mafundisho. Mzee akasema, "Mnaona? Hakuna anayemuuliza mwenzake ametafakari kwa muda gani. Wanajaziana maji."

Tangu siku hiyo tunaandika neno moja kati ya mawili: "Nimeketi" au "Sijaketi." Dakika hazitajwi. Aliyekaa ndani ya daladala ya Mbagala akaangalia pumzi zake vituo viwili anaandika "Nimeketi" sawasawa na mzee. Na anayeandika "Sijaketi" hajibiwi chochote: hapewi pole wala ushauri, hatumiwi hata picha za mikono iliyokunjwa. Anayefuata anaandika la kwake tu. Mwanzoni ilionekana ukavu, hasa kwetu tuliolelewa kusalimiana kwa urefu. Lakini ukimpa mtu ushauri unamlazimisha ajieleze, na kujieleza kila siku kunachosha kuliko kuketi kwenyewe. Salamu tumeziacha zibaki: shikamoo ya mzee inatangulia kila asubuhi, na marahaba yake haikosi.

Wa kwanza kuandika "Sijaketi" alikuwa mzee. Mkewe alikuwa mgonjwa, usiku mzima hakulala. Kesho yake, kwa mara ya kwanza baada ya kimya kirefu, muuguzi akaandika: "Sijaketi." Keshokutwa: "Nimeketi." Nasema bila kusita kwamba ule ujumbe wa mzee umetusaidia kuliko saa zake zote za mwanzo. Uliwaonyesha wengine kwamba mtu anaweza kukosa na bado yumo.

Habari ya mtungi tuliichukua kama ilivyo. Mtu akikosa mara nyingi tunauliza ni mzigo gani anaoubeba nyumbani, na kama unabebeka na wawili. Kwangu mzigo ulikuwa watoto siku za mapumziko, na mwalimu akawa anawachukua wakacheze na wa kwake kila anapokuja mjini. Simu ya muuguzi ilikuwa inazima yenyewe, kijana akaitengeneza bila kudai hela. Mke wa mzee alipokuwa akienda kliniki, tulipokezana kumsindikiza. Hakuna kati ya hayo linaloitwa tafakuri, lakini ndiyo yaliyopatia tafakuri muda. Nimeona vikundi vingine vya kutiana moyo vikitumiana semi nzuri kila alfajiri, na sina neno baya juu yake, ila mama mwenye mtoto mchanga semi hazimpi nusu saa. Anayemshikia mtoto ndiye anayempa.

Jumapili tunaketi pamoja kwa simu, sauti tu, vipaza sauti vimezimwa isipokuwa cha mwenye zamu ya kengele. Bando linalotumika ni dogo. Umeme au mtandao ukikatika, kila mtu anaendelea alipo hadi muda wake uishe, akijua wenzake bado wameketi. Mara moja kwa mwezi tunakutana ana kwa ana, nyumba kwa nyumba. Nauli ya kwenda Kibaha ilikuwa inawaumiza wengine, tukaweka kibubu: kila mtu anatia alichonacho, na anayetoka mbali anachukua humo bila kuomba. Mwenye nyumba anaruhusiwa kutoa chai na kitu kimoja cha kutafunia, zaidi ya hapo marufuku. Sharti hili linaonekana dogo, lakini bila hilo mwenye kipato kidogo angeanza kukwepa zamu yake.

Kuhusu kelele, usingoje ziishe. Nyumbani kwangu kuna muziki wa jirani, kuna wanaochota maji, kuna pangaboi linalokwaruza. Nilijifunza kuzipokea kama sauti tu, kama nilivyofundishwa kupokea maumivu ya goti. Ila mbu usishindane nao, keti ndani ya chandarua.

Swali gumu lilikuwa la mbinu. Waliopitia kozi kama yangu hushauriwa wasichanganye njia. Muuguzi alikuwa amejifunza meta, kuielekeza nia njema kwake mwenyewe, kwa wapendwa, kwa asiowajua, hata kwa wanaomchukiza. Kijana anaangalia pumzi tu. Tulibishana vikao kadhaa na nusura tuachane, kwa sababu kila mmoja alitaka kikao kiongozwe kwa njia yake. Suluhisho likawa kutoongoza kabisa: kengele, ukimya, kengele. Maswali ya mbinu kila mtu anampelekea mwalimu wake. Sisi si walimu, na kikundi kinachosahau hilo kinaweza kumuumiza mtu.

Nalisema hili kwa uzito. Mwalimu wetu wa Kibaha alifiwa na kaka yake. Baada ya mazishi akawa anaandika "Nimeketi" hata mara tatu kwa siku, na sisi tukafurahi kwamba anapata faraja. Muuguzi ndiye aliyegundua, kwa sauti yake tu kwenye simu, kwamba halali, moyo unamwenda mbio, na kila akifumba macho anauona mwili wa kaka yake. Alimwambia aache vikao virefu, atembee, ale, asikae peke yake, na akampeleka kwa daktari. Mtawa naye alimshauri apumzike, akirudi aanze na dakika chache za meta macho yakiwa wazi. Alipona taratibu. Tangu hapo, mtu akipatwa na msiba, ugonjwa au hofu isiyoisha, hatumtii moyo aketi. Tunamtia moyo alale, na tunamwona kwa macho, si kwa ujumbe.

Dini iliwasumbua wa nyumbani kuliko sisi wenyewe. Kijana ni Mwislamu. Mwezi wa Ramadhani anaketi baada ya daku, kabla ya swala ya alfajiri, na anasema ndiyo saa yake bora ya mwaka mzima. Mimi ni Mlutheri, na mama yangu aliposikia kutoka kwa watu wengine alinipigia simu kutoka Moshi akiuliza kama nimeacha kanisa na kama nasujudia sanamu. Iliniuma kwamba hakuyasikia kwangu. Alipokuja Dar nilimkaribisha akae nasi sebuleni siku ya kikao. Alikaa kwenye kochi mpaka kengele ya pili, akaniambia kwamba muda wote alikuwa anatuombea, kisha akauliza chai iko wapi. Waambie wa nyumbani mapema, kwa kinywa chako, na waache waone.

Vasa ilipofika mwisho, mwezi mpevu wa Oktoba, tulifanya jambo tuliloliiga kwa watawa. Siku hiyo wao hufanya pavarana: kila mtawa anawaomba wenzake wamwambie kosa lolote waliloliona, walilolisikia au wanalolishuku kwake. Anayeonywa ndiye anayeomba kuonywa, na kwa watu wa makamo tofauti kama sisi jambo hilo linafungua mlango ambao adabu huufunga. Mzee aliomba, na kijana, baada ya kusita sana, akamwambia kwamba maelezo yake baada ya kikao ni marefu na huumaliza ule utulivu. Kijana kumwambia mzee neno hilo hadharani si jambo dogo kwetu. Mzee akainamisha kichwa, akasema, "Ahsante, mwanangu." Sasa tunakaa kimya kidogo kabla ya chai.

Siku hiyohiyo kila mmoja alieleza namna anavyotaka kutafutwa akipotea. Kijana alisema, "Nikinyamaza nipigieni, msiandike." Muuguzi alitaka kinyume chake: ujumbe mmoja mfupi, asipigiwe, kwa kuwa huenda amelala baada ya zamu. Mimi niliomba nikumbushwe jioni, maana asubuhi nikikumbushwa nakasirika na hasira ile inaniharibia siku. Kama kuna kipengele kimoja ambacho ningetaka kikundi kingine kikichukue bila kukibadilisha, ni hiki. Kumfuatilia mtu kwa namna aliyoichagua mwenyewe hakumdhalilishi.

Si wote tuliodumu nao. Waliojiunga baadaye, wawili waliondoka, mmoja kwa sababu alitaka mafundisho ambayo hatuwezi kuyatoa, tukamwelekeza Upanga. Kijana alihamia Mwanza kikazi, akaanza kuketi na binamu yake, na sasa wana kikundi chao kinachoungana nasi kwa simu kila mwezi mpevu. Mzee huketi kitini siku hizi kwa sababu ya nyonga. Tumekubaliana tusizidi wanane, tukizidi tutagawanyika, kwa sababu zaidi ya hapo mtu anaweza kunyamaza na asionekane.

Jumapili hii kengele ni zamu ya muuguzi. Anaingia kazini usiku, kwa hiyo ameomba tuketi saa kumi jioni badala ya saa moja, na wote tumekubali.